Njia Pana Mlangoni pa Kuwabara

Kuwabara Misao, binti wa Kuwabara Takeji aliyembeba daktari mgongoni kutoka darajani hadi juu kijijini na kumrudisha miguu ikiwa mikavu. Mjukuu wa Kuwabara Shino aliyekanyaga njia ya theluji asubuhi ya harusi yake mwenyewe, kwa sababu zamu ilikuwa ya nyumba yao na bwana harusi alikuwa bado hajafika. Kitukuu wa mtu ambaye jina lake limepotea lakini kazi ya mkono wake ipo, maana ndiye aliyeuchonga ule ubao wa zamu. Misao mwenyewe alikanyaga njia akiwa na mimba ya mwanawe Tetsuji, akarudi, akavua makapu ya miguuni, akajifungua kabla uji wa asubuhi haujapoa. Huyo ndiye Misao. Kuna watu wa kijiji cha Urasawa waliozaliwa kwenye nyumba kubwa kuliko ya kina Kuwabara, lakini ukoo wa kusimuliwa hivi hawana.

Ubao ni kipande cha mwerezi, urefu wake toka kiwiko hadi ncha za vidole, umetobolewa tundu la kamba. Umechongwa majina ya nyumba zote za Urasawa. Ukiukuta umetundikwa mlangoni pako jioni, ujue kesho alfajiri njia ni yako: unapanda hadi nyumba ya juu kabisa, kisha unashuka hadi darajani, pale lori la kusukuma theluji linapogeuzia. Ukimaliza unautundika kwa jirani anayefuata. Hakuna anayekuamuru na hakuna anayekushukuru.

Majina ubaoni ni mengi. Nyumba zinazotoa moshi wakati wa baridi, mwaka ule ninaousimulia, zilikuwa tatu: ya mzee Yasuke juu, ya Kuwabara katikati, ya Maruyama Kiyono chini. Nyingine zote zilikuwa zimerukwa. Kurukwa ni hivi: zamu inafika, nyumba haina mtu wa kukanyaga, jirani kwa huruma anaupeleka ubao nyumba ya mbele, kwa mara hii tu. Nyumba iliyorukwa mara moja huanza kuona aibu, kisha huanza kupiga simu mjini kwa watoto, na maua ya masika yakifunguka milango imeshapigiliwa mbao. Haikuwahi kutokea nyumba iliyorukwa ikaupata tena ubao.

Njia ya kwetu haichimbwi. Theluji mpya inashindiliwa juu ya theluji ya jana, hivyo njia inapanda na majira, hata kufika mwezi wa pili unatembea sawasawa na madirisha ya juu, kwenye mgongo mgumu wenye upana wa mtu mmoja. Ukitoka nje ya mgongo huo hatua moja, umezama hadi kifuani. Theluji ikishuka usiku kucha, mgongo wenyewe hauuoni, unautafuta kwa mguu. Miguuni unavaa makapu mawili ya mabua ya mpunga, yanafika gotini, kila moja lina kamba ya kuliinulia kwa mkono. Unavuta, unashusha, unashindilia. Kushoto, kulia. Mtu aliyevaa makapu hayo hana haraka, hata awe nani.

Tetsuji, kama wanaume wengi wa kwetu, wakati wa baridi hakuwepo. Alikuwa akienda kupika pombe ya mchele kwenye viwanda vya mbali, na kurudi theluji ikiyeyuka. Nyumbani alibaki Misao na mkamwana wake Kazue, aliyeletwa kutoka Shizuoka, nchi ya chai, ambako theluji ni kitu cha kutazamwa mlimani kwa mbali. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Misao alikuwa amempa Kazue kila jembe la nyumba ile: jiko, shamba la mpunga, kuku, hata funguo za ghala. Makapu ya miguuni hakumpa. Yalining'inia juu ya mlango, na Kazue alikuwa akipita chini yake kwa miaka sita.

Watu walisema ni kiburi. Kiburi kilikuwepo, hakuna wa kukataa. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo Misao hakumwambia mtu, kwa sababu halikuwa na maneno. Ni kule kutoka alfajiri theluji ikiwa bado inashuka, bila upepo, vipande vizito vinavyokuja chini kama vimekwisha kufikiri mahali pa kukaa. Kijito hukisikii, mbwa humsikii. Kelele zote za dunia zimefunikwa shuka. Paa la nyumba, ukuta wa zizi la ng'ombe, rundo la kuni, kila kitu kimepoteza kona zake. Unasimama, unavuta pumzi, na katika ulimwengu mzima anayekutaka kitu hayupo: mume hayupo, mtoto hayupo, mkamwana hayupo. Kwa mwanamke aliyezaliwa nyumba ile na kuitumikia, hayo ndiyo yaliyokuwa mapumziko yake. Kumpa mtu makapu kulikuwa kumpa hayo.

Sasa, mwaka huo, goti la kulia likamkataa. Lilianza kulalamika wakati wa kuvuna, likavimba majani yalipodondoka, na siku theluji kubwa ilipoanza kushuka lilikuwa limejaa kama boga. Jioni ile ile Yasuke akashuka na ubao, joho la mabua mgongoni, kofia imekuwa nyeupe.

"Bi Misao! Bado uko duniani?"

"Nakusubiri utangulie. Wazee kwanza."

"Mimi mdogo kwako kwa miaka miwili."

"Ndiyo maana huna adabu. Funga mlango, unaniingizia baridi."

Yasuke alifunga, akamwangalia. "Mbona unaishika nguzo hivyo? Utadhani nyumba inataka kukimbia."

"Naishika kwa kuwa ni yangu."

"Ni goti?"

"Magoti ninayo. Mawili."

Mzee akaugeuza ubao mkononi, akaukung'uta. "Sikiliza, dada yangu. Naweza kuupeleka moja kwa moja kwa Kiyono. Kwa mara hii tu."

"Hivyo hivyo uliwaambia kina Sekiguchi. Kwa mara hii tu. Leo nani anaishi mle? Panya."

"Panya nao wamehama."

"Basi tundika."

Yasuke akautundika. Jikoni Kazue alikuwa akikata figili, na kisu chake kilikuwa kimenyamaza tangu neno goti lilipotajwa. Misao alilala akijua, na mkamwana wake alilala akijua, kwamba kesho ama nyumba ya Kuwabara itakanyaga, ama itarukwa.

Alfajiri Misao aliamshwa na ukimya. Mtu wa Urasawa hahitaji kuchungulia nje. Kijito kilicho nyuma ya nyumba huongea mwaka mzima, na asubuhi kikinyamaza unajua theluji imeshuka kwa wingi na bado inashuka. Aliinuka kwa mikono, akauweka mguu wa kulia sakafuni, goti likakataa. Akaushika ukuta. Akatambaa na ukuta hadi mlango wa sebule.

Chini, kwenye sakafu ya udongo, Kazue alikuwa amesimama ndani ya makapu.

"Vua," Misao akasema.

"Nikivua atavaa nani, Mama?"

"Mtu wa chai anajua nini habari za theluji?"

"Najua kwamba leo imeshuka."

"Una mdomo asubuhi hii."

"Mama akisimama bila kushika ukuta, navua sasa hivi na kuomba radhi."

Misao aliutazama ukuta. Kisha akaitazama mikono yake juu ya ukuta, kama mtu anayewaangalia watumishi waliomsaliti. Hakuuachia.

"Mguu ukipiga gu, uko juu ya mgongo," akasema hatimaye. "Ukipiga fu, rudi, hapana njia hapo. Anzia juu kwa Yasuke. Ukishuka, kwenye mwerezi mkubwa pita kulia. Kushoto ni bwawa la kina Sekiguchi, na bwawa halisomi majina ya ubaoni."

"Kulia kwa mwerezi."

"Macho yafumbe kama yanakusumbua. Hayana kazi huko."

Alifikiri kama kuna lingine la kusema, akaona hakuna. Kazue akasukuma mlango, weupe ukaonekana, mlango ukafungwa.

Misao akajikokota hadi kwenye shimo la moto, akaketi nyuma ya pazia la mbao linalozuia upepo wa mlango, akajifunika blanketi lenye pamba hadi kifuani. Akasikiliza. Maisha yake yote alikuwa ndani ya ukimya ule, akiufanya kwa miguu yake, na hakuwahi kukaa upande huu akisubiri. Hakuna gu, hakuna fu. Theluji ilikuwa imewala wote, aliye hai na kijito. Alihesabu kwa kichwa: sasa atakuwa kwa Yasuke, sasa amerudi, anapita hapa nje, sasa yuko mwerezini. Pale mwerezini alikaa naye kwa muda mrefu. Kisha joto likampanda, kichwa kikainama, akasinzia hivyo hivyo ameketi.

Alipozinduka, mlango ulikuwa ukisukumwa polepole, kwa adabu isiyo ya kawaida.

"Hodi tusipige," ilikuwa sauti ya Kiyono wa Maruyama, ya chini. "Watakuwa wamemlaza chumba cha ndani."

"Jana tu alinitukana," Yasuke akanong'ona. "Aliishika nguzo. Ningejua."

"Ungejua ungefanya nini? Ungeuchukua ubao? Angekufuata hadi kwangu kwa magoti."

Misao akafungua jicho moja. Alielewa baada ya pumzi moja tu kwamba kuna mtu amekufa, na baada ya pumzi ya pili kwamba aliyekufa ni yeye. Angeweza kukohoa. Hakukohoa. Si kila mtu hupata nafasi hiyo.

"Mkali alikuwa," Kiyono akaendelea.

"Mkali? Upanga. Lakini njia yake ulitembea umefumba macho."

"Na ubao sasa?"

"Utaruka. Tetsuji hayupo, na yule wa chai ataweza wapi?"

Kiyono alikung'uta miguu. "Yasuke, umezeeka macho. Hii uliyoshukia kakanyaga nani? Tetsuji hayupo. Bi Misao, Mungu amrehemu, hawezi kujikanyagia mwenyewe. Ni yule yule. Nimeitazama kutoka mlangoni pangu hadi hapa. Haina shimo. Mtoto wa watu kafiwa, hata kulia hajalia, kaingia kwenye makapu kumfungulia mama mkwe njia pana."

"Kweli," Yasuke akasema. "Kwangu imekuja nyembamba kama siku zote. Nikashuka hadi hapa, natazama, kutoka mlango huu hadi kwako pana. Nikarudi mbio kuvaa nguo nyeusi."

Hapo Misao akaelewa jambo zima. Njia ya walio hai ni ya mtu mmoja. Njia ya wawili sambamba hukanyagwa siku moja tu, kutoka mlango wa marehemu hadi darajani, ili wabeba jeneza wapite. Kila mtoto wa Urasawa anajua hilo kabla hajajua kuhesabu, na kwa sababu kila mtoto anajua, hakuna aliyewahi kumwambia mtu. Katika miaka sita ya Kazue hapakuwa na kifo cha wakati wa baridi. Baba mkwe wake alizikwa siku za kupanda mpunga, vyura wakilia.

Kiyono akazunguka pazia la mbao, ameshika kwa mikono miwili bakuli la wali mweupe uliojazwa kichuguu, vijiti viwili vimesimamishwa katikati, kama anavyowekewa maiti. Macho yao yakakutana.

"Mmekuja kumzika nani," Misao akasema, "na makaa hamjaongeza?"

Kiyono hakuliangusha bakuli. Hilo lisemwe kwa heshima yake. Alikaa chini tu, taratibu, kama gunia. Yasuke akasema neno ambalo haliandikwi.

"Lete hilo," Misao akasema. Akachomoa vijiti, akavilaza ukingoni, akautazama wali. "Mchele wa shamba la juu?"

"Wa shamba la juu," Kiyono akajibu kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa mkali, eh, Yasuke?"

"Nilisema upanga. Upanga ni sifa."

"Na wewe Kiyono, umesema haina shimo. Rudia."

"Nini?"

"Njia. Rudia ulichosema."

Kabla Kiyono hajarudia, mlango ukafunguka na Kazue akaingia, theluji imemkaa kwenye nyusi, mvuke unamtoka kichwani. Aliwaona majirani wawili wamevaa meusi, akaona ubani mkononi mwa Yasuke. Kamba za makapu zikamponyoka.

"Mama!"

"Niko hapa," Misao akasema kutoka nyuma ya pazia. "Nakula matanga yangu. Njoo."

Kazue akaja, akapiga magoti, na makapu yake yakamwangusha ubavu. Hakuna aliyecheka isipokuwa Yasuke.

"Nani aliyekwambia ukanyage pana?"

"Hakuna aliyeniambia, Mama. Nilikanyaga kwenda hadi kwa Maruyama, nikakanyaga kurudi pembeni yake, kisha nikafanya vivyo hivyo hadi darajani. Nilitaka tushuke pamoja. Nimeongea na dereva wa lori pale darajani, anakusubiri akupeleke kwa mganga wa mifupa. Huwezi kushuka peke yako, na kwenye njia ya mtu mmoja nisingeweza kukushika bega."

Moto ukalia kidogo. Nje theluji iliendelea kushuka, haina habari na mtu.

"Tatizo," Yasuke akasema, na safari hii hakutania, "njia pana haiachwi. Ikikanyagwa lazima ipitwe siku hiyo hiyo. Ikilala bila kupitwa, itamtafuta mtu wake."

"Najua sheria, Yasuke. Sheria za njia hunifundishi nyumbani kwa Kuwabara." Misao akamaliza wali, akaweka bakuli chini. "Ipitwe basi. Kazue, nishike."

Hivyo ndivyo nyumba ya Kuwabara ilivyotoka asubuhi ile. Mbele alitembea Misao, mkono wake begani kwa mkamwana, sambamba. Nyuma yao Yasuke na Kiyono na nguo zao nyeusi, maana kubadilisha kungechelewesha. Mtu angetazama kutoka mbali angeona mazishi kamili, ila marehemu alikuwa akitembea na kutoa amri. Lakini hapakuwa na mtu wa kutazama. Vipande vikubwa vilishuka wima, vikakaa mabegani, vikakaa kwenye meusi na kuyafanya meupe. Hatua zilisikika hadi urefu wa mkono, zaidi ya hapo zilipotea.

Misao aliipima njia kwa mguu wake mzima. Gu. Gu. Gu. Alitafuta kosa kama anavyotafuta chuya kwenye mchele. Kando zilikuwa zimesimama vizuri. Palipoinama, palikuwa pameinama tangu enzi za baba yake. Walipofika mwerezini njia ikageuka kulia, na kushoto bwawa lilikuwa limelala chini ya weupe wake, laini, linaalika. Hatua mbili baada ya mti, kisigino chake kikazama kidogo.

"Hapa."

"Nimepaona, Mama. Nilipashindilia mara mbili."

"Ungepashindilia ya tatu."

"Ndiyo."

Wakatembea tena. Kisha Misao, bila kugeuza uso, akauliza, "Ulisikia nini huko, peke yako?"

Kazue akafikiri. "Mwanzo nilisikia moyo wangu tu, unagonga. Baadaye nikawa sisikii hata huo. Nikasimama hapo karibu na mti, sijui muda gani. Nisamehe, Mama, sikuwa nimechoka. Nilisimama tu."

Misao alitembea hatua kadhaa akiutazama weupe mbele yake, kama mtu anayepita nje ya nyumba aliyowahi kukaa na kuona taa ndani imewashwa na mwingine.

Mlangoni pa Maruyama palikuwa na msumari wa ubao. Kazue aliutoa ubao kifuani alikouficha, akamnyooshea mama mkwe kwa mikono miwili. Misao aliuangalia, jina la nyumba yake likiwa limelainika kwa vidole vya watu waliokwisha kufa, akaurudisha kwa ncha ya kidole.

"Aliyekanyaga ndiye anayetundika."

Kazue akautundika. Kiyono, kwa desturi, hakushukuru. Yasuke akajifanya anafunga kamba ya joho.

Chini darajani lori lilikuwa linanguruma, moshi wake umesimama wima. Misao akasimama kidogo kuvuta pumzi, kidole chake kikamkung'uta mkamwana theluji begani, mara moja, kama anayefuta vumbi kwenye chombo.

"Makapu usiyarudishe juu ya mlango, utayaweka karibu na kitanda chako," akasema. "Zamu ikija, kanyaga nyembamba, kama watu. Pana utanikanyagia mara moja tu, na siku hiyo sitakuwepo kukukumbusha. Pale mwerezini, mara tatu."